Rwagataraka wa Kinyaga: Mkwe wa mwami, bwana wa vilima

Katikati ya Novemba 1931 msafara ulitoka Nyanza, makao ya wafalme wa Rwanda, ukaelekea magharibi hadi Ziwa Kivu. Ndani ya msafara huo alikuwamo Yuhi Musinga, mwami aliyekuwa amekalia kiti kwa karibu miaka 35, pamoja na mama yake Kanjogera, wake zake, watoto na watumishi. Siku chache kabla, tarehe 12, gavana wa Kibelgiji Charles Voisin alikuwa amemvua ufalme. Tarehe 16 mwanawe, Rudahigwa, akatangazwa mwami mpya. Musinga akapangiwa kuishi Kamembe, juu ya vilima vinavyotazama ziwa na mto Rusizi, mkabala na Bukavu.

Lakini Kamembe ya wakati ule ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa katika himaya ya chifu Rwagataraka, mtoto wa Rwidegembya, mtu aliyekuwa ameishika Kinyaga, kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, kwa miaka 20. Na Rwagataraka hakuwa mtu baki kwa wageni wale. Kanjogera alikuwa dada wa babu yake. Musinga alikuwa mkwewe, kwa kuwa Rwagataraka alimwoa Musheshambugu, binti wa mwami. Kwa hiyo mfalme aliyefukuzwa alikwenda kuishi kwenye ardhi ya mume wa bintiye, ardhi ambayo ukoo wa mume huyo uliipata kwa neema ya mfalme huyohuyo.

Anayetaka kuelewa jinsi ardhi, siasa na familia zilivyokuwa kitu kimoja katika Rwanda ya zamani hana haja ya kuanzia Nyanza. Aanzie Rusizi, kwa familia hii.

Nguvu ya shangazi

Babu mkubwa wa ukoo huu ni Rwakagara, wa ukoo mpana wa Abega. Uzao wake ndio unaoitwa Abakagara. Katika watoto wake walikuwamo Kabare, Ruhinankiko, Cyigenza na binti aliyewazidi wote kwa jina, Kanjogera, aliyeolewa na mwami Kigeli Rwabugiri.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akiwa kwenye harakati za vita upande huuhuu wa Ziwa Kivu. Kiti kikaenda kwa Rutarindwa, na kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa amekwisha fariki, Kanjogera akawekwa kuwa mama wa mwami, cheo ambacho Wanyarwanda hukiita umugabekazi. Ni cheo kizito. Mama wa mwami alikuwa na watu wake, ng'ombe wake na sauti yake barazani. Naye Kanjogera alikuwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe, na kaka zake walikuwa na hamu ya madaraka.

Mwishoni mwa mwaka 1896, mahali paitwapo Rucunshu, mambo yakaamuliwa kwa silaha. Rutarindwa akafa pamoja na watu wake. Musinga, kijana mdogo, akawekwa kwenye kiti kwa jina la Yuhi wa Tano, huku mama yake na wajomba zake wakiwa ndio washika usukani. Kuanzia siku ile kilichoitwa ufalme wa Abanyiginya, ukoo wa wafalme, kikawa, kwa utendaji, mikononi mwa Abakagara.

Kilichofuata ni kugawana nchi. Vilima, malisho na watu vilihama kutoka kwa machifu wa zamani kwenda kwa watu wa Kanjogera. Rwidegembya, mtoto wa Cyigenza, alipata sehemu kubwa. Kanjogera alikuwa shangazi yake na Musinga alikuwa binamu yake. Katika ardhi alizopewa ilikuwamo Impara, jimbo la Kinyaga lililoambaa na Ziwa Kivu.

Rwidegembya hakuwa na sababu ya kwenda kuishi mpakani. Mtu mwenye ardhi nyingi alitakiwa kuonekana Nyanza, maana aliyekosekana barazani alisemwa, na aliyesemwa sana alinyang'anywa. Mwaka 1911 akamwachia Impara mwanawe Rwagataraka. Baba akabaki kulinda mali kule juu, mwana akaja kuivuna huku chini.

Kinyaga kabla ya mabwana

Kinyaga ni jina la zamani la nchi ya kusini-magharibi ya Rwanda, sehemu kubwa ya mkoa wa Cyangugu wa jana na wilaya ya Rusizi ya leo. Msitu wa Nyungwe uliitenga na Rwanda ya kati. Ukisimama Kamembe, Bukavu unaiona kwa macho, ilhali Nyanza iko nyuma ya milima na msitu. Watu wake wengi walikuwa wahamiaji waliotoka pande mbalimbali, wengine ng'ambo ya maji, Bushi na kisiwa cha Ijwi. Walifyeka pori, wakalima, na aliyefyeka ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Haki hiyo iliitwa ubukonde: ardhi ni ya ukoo ulioifungua, na mgeni akitaka kulima anaomba kwa wakubwa wa ukoo.

Biashara yao ilitazama ziwa. Vikuku vya nyuzi viitwavyo ubutega, vilivyosukwa magharibi ya Kivu na kuvaliwa miguuni, vilivushwa kwa mitumbwi na kutumika kama fedha, vikibadilishwa kwa mifugo na vyakula. Mtu wa Kinyaga wa karne ya 19 angeweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona mtumishi yeyote wa mwami.

Rwabugiri ndiye aliyekaza kamba. Chini yake machifu waliotumwa kutoka ikulu walianza kukaa Kinyaga, na majimbo mawili makubwa, Impara na Abiiru, yakabeba majina ya majeshi ya mwami. Kusini-mashariki zilibaki nchi ndogo mbili zenye wafalme wao, Bukunzi na Busozo, zilizoheshimiwa hata Nyanza kwa sababu wafalme wake walisadikiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua.

Kisha Wazungu wakafika. Mwaka 1896 watu wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kandokando ya ziwa. Jeshi la Rwanda lilipokwenda kuwatoa lilivunjwa na risasi. Mwaka 1898 Wajerumani wakaweka kituo chao hapohapo Shangi. Mapadri Weupe wakafungua misheni Mibirizi mwaka 1903. Mkataba wa 1910 ukaufanya mto Rusizi kuwa mpaka na kukipeleka kisiwa cha Ijwi upande wa Wabelgiji. Mwaka mmoja baadaye Rwagataraka akaichukua Impara.

Siku ya mtu chini ya chifu

Catharine Newbury, mtafiti Mmarekani aliyewahoji wazee wa Kinyaga mwanzoni mwa miaka ya 1970, ameonyesha kwamba chini ya mabwana wa aina ya Rwagataraka mambo matatu yalibadilika kwa pamoja: ardhi, kazi na ng'ombe.

Tuanze na ardhi. Chifu mpya alikuja na watu wake, na watu hao walitaka vilima. Kilima kilichokuwa chini ya mzee wa ukoo kilipewa mkubwa mpya, au kikakatwa vipande. Malisho yakatengwa na kuitwa igikingi, yaani eneo ambalo chifu amemkabidhi mteja wake. Mzee wa ubukonde hakuhamishwa lazima, lakini aliamka siku moja akakuta shamba alilofyeka babu yake lina mtu wa kumwomba ruhusa.

Ndipo ikaja kazi. Desturi ya ubureetwa, iliyoletwa Kinyaga zama za Rwabugiri, ilimtaka mtu amfanyie chifu kazi bila malipo kwa sababu tu anaishi kwenye ardhi yake. Juma la kale la Rwanda lilikuwa la siku tano, na kiwango kinachotajwa ni siku mbili katika hizo tano. Alfajiri mwanamume anachukua jembe lake mwenyewe na kupanda kilima kwenda shamba la chifu. Zamu nyingine anakata matete na miti ya kujengea uzio wa boma. Usiku mwingine analala nje akilinda lango, moto ukizimika anauwasha. Nyumbani mahindi yake yanasongwa na magugu. Na mzigo huu haukumwangukia kila mtu. Uliwekwa juu ya wakulima Wahutu. Newbury anasema hapa ndipo mstari kati ya Mhutu na Mtutsi ulipokolezwa, maana ubureetwa ulimkumbusha mtu kila juma yuko upande gani.

Ng'ombe walikuwa na njia yao. Zamani ukoo mzima wenye ng'ombe ulijiweka chini ya mlinzi kwa mpango wa umuheto: kila baada ya muda unampa ng'ombe, naye anailinda mifugo ya ukoo isiporwe. Palikuwa na heshima pande zote mbili, kwa sababu ukoo ulizungumza kwa sauti moja. Wakati wa ukoloni ubuhake ukachukua nafasi. Huu ulimfunga mtu mmojammoja: anapewa ng'ombe na bwana, naye anabaki mtumishi wa bwana huyo, na ng'ombe anaweza kuchukuliwa siku yoyote mapenzi yakiisha. Ukoo ukavunjika ukawa watu.

Waandishi wa Ulaya walipoyaona hayo walikumbuka historia yao, na Jacques Maquet, Mbelgiji, alikuwa mmoja wa waliolinganisha Rwanda na mfumo wa mabwana na watwana wa zama za kati. Kufanana kupo. Bwana wa Kiingereza wa karne ya 14 naye alikuwa na wakulima waliomlimia siku kadhaa za juma, alikwenda bungeni kusema kwa niaba ya jimbo lake, na aliozesha watoto wake kwa hesabu ya mashamba. Lakini Mwingereza yule alikuwa na hati. Aliweza kushitaki, kurithisha kifungua mimba wake na kulala usingizi. Rwagataraka hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na shangazi wa baba yake, na alikuwa na mke.

Bukunzi na Busozo zaanguka

Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka upande wa Cyangugu, na mwezi uliofuata yakawa Nyanza. Machifu wengi walisita, wakingoja kuona upepo unaelekea wapi. Rwagataraka alikuja kuhesabiwa miongoni mwa wale walioamua mapema kwamba bwana mpya ni Mbelgiji.

Uamuzi ule ulimlipa. Mwaka 1923 Ndagano, mwami wa Bukunzi, alifariki. Wabelgiji hawakutaka kuona ufalme unaojitegemea ndani ya himaya yao, na baada ya kifo chake walipeleka askari. Nyirandakunze, mjane wake aliyeshika nafasi ya mama wa mwami, alikataa kusalimu amri na akauawa mwaka 1925. Kijana wake Ngoga akakamatwa. Busozo nayo ikamalizwa mwaka 1926. Nchi zile mbili, ambazo hata Rwabugiri aliziacha na wafalme wao, zikaunganishwa na eneo la Rwagataraka.

Mwaka huohuo wa 1926 Mkuu wa Rwanda wa Kibelgiji, Georges Mortehan, alianzisha mageuzi ambayo wengi hawayapi uzito unaostahili. Kabla yake mahali pengi palikuwa na machifu watatu: wa ardhi, wa malisho na wa jeshi. Mnyonge aliyebanwa na mmoja aliweza kukimbilia kwa mwingine, na wivu wao ulikuwa kinga yake. Mortehan akafuta utatu huo na kuweka chifu mmoja. Kwa karani ofisini lilikuwa jambo la kurahisisha hesabu. Kwa mkulima wa Kinyaga ulikuwa mlango wa mwisho kufungwa. Chifu sasa alikuwa mtoza kodi, mpeleka watu barabarani, msimamizi wa mashamba ya lazima na hakimu, na nyuma yake wamesimama askari wa serikali.

Wengi walijibu kwa miguu. Ng'ambo ya Rusizi mji wa Bukavu, ulioitwa Costermansville kuanzia 1927, ulihitaji vibarua, na mashamba ya walowezi vilevile. Fedha ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa yako. Njia inayopitwa leo na akina mama wenye ndoo za sambaza na vijana wa pikipiki wakishuka Kamembe kwenda darajani, miaka ile ilikuwa njia ya kukimbia jembe la chifu.

Ukwe na uhamisho

Tukirudi kwenye familia, ndoa ya Rwagataraka na Musheshambugu ilikuwa na maana zaidi ya mapenzi. Abakagara walikuwa wametoa mama wa mwami, na sasa mwami aliwarudishia binti. Ndivyo koo kubwa za Rwanda zilivyoshonana, Abega na Abanyiginya, kizazi baada ya kizazi. Hata Rudahigwa, mama yake Kankazi alikuwa Mwega.

Lakini miaka ya 1920 ilipoelekea ukingoni, nyumba hiyo ilipasuka. Musinga alikuwa amekubaliana na Wajerumani. Wakati wao alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili, na watoto wa wakubwa walifundishwa lugha hiyo Nyanza. Kwa Wabelgiji hakupata nafasi hiyo. Walimpunguzia mamlaka mwaka hata mwaka, na Askofu Léon Classe alimwona kuwa kizuizi kwa sababu alikataa katakata kubatizwa. Machifu vijana walikwenda kanisani, na watoto wake mwenyewe walianza kuvutwa huko, Musheshambugu akiwamo. Kwa baba aliyeamini kwamba ufalme wake unasimama juu ya mila za mababu, huo ulikuwa uasi wa nyumbani. Rwagataraka na wenzake, waliopata utajiri kupitia kiti chake, hawakuwa tena watu wa kumtetea.

Ndiyo maana safari ya Kamembe ilikuwa na uchungu wa namna mbili. Musinga hakupelekwa kwa wageni, alipelekwa kwa mkwe. Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana, na Kamembe ilithibitisha hilo.

Kanjogera hakudumu. Mwanamke aliyemweka mwanawe kwenye kiti kwa damu ya Rucunshu na kuitawala Rwanda kutoka nyuma ya pazia alifariki uhamishoni Kamembe mwaka 1933, katika himaya ya mjukuu wa kaka yake. Tarehe 29 Juni 1936, hapohapo Kamembe, mmoja wa wake za Musinga alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Ndahindurwa. Nani angedhani kwamba mtoto huyo wa uhamishoni angekuwa mwami wa mwisho wa Rwanda?

Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Mwaka huohuo Wabelgiji walimwondoa Musinga Kamembe na kumpeleka mbali zaidi, Moba, Kongo, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944. Rwagataraka alitangulia. Alifariki mwaka 1941, akiwa chifu kwa miaka 30. Alikuwa mkwe wa mwami mmoja, shemeji wa mwami wa pili, na shemeji wa mtoto mdogo ambaye angekuwa wa tatu.

Kilichobaki

Mfumo aliousimamia haukumpita kwa miaka mingi. Mwaka 1949 ubureetwa uligeuzwa kuwa malipo ya fedha. Mwaka 1954 ubuhake ukafutwa na ng'ombe wakaanza kugawanywa kati ya bwana na mteja, ingawa malisho, yale maeneo ya ibikingi, yaliendelea kuzua ugomvi. Rudahigwa alifariki ghafla Julai 1959 mjini Bujumbura, na Ndahindurwa akatangazwa Kigeli wa Tano kwenye maziko ya kaka yake. Novemba mwaka huo nchi ikawaka. Mwaka 1960 uchaguzi wa komini ukaondoa machifu. Tarehe 28 Januari 1961, mjini Gitarama, ufalme ukatangazwa kuwa umefutwa, na kura ya Septemba ikathibitisha. Mtoto wa Kamembe akaishi uhamishoni maisha yake yote yaliyobaki, Afrika Mashariki kisha Marekani, akafariki Oktoba 2016. Januari 2017 alizikwa Mwima, Nyanza.

Kinyaga haikulipa deni la mfumo huo bila damu. Watu walifukuzwa, wengine waliuawa, na waliolipia hawakuwa machifu peke yao. Watutsi wa kawaida, wasiowahi kumiliki kilima wala kumwamuru mtu kulima, walibebeshwa hesabu ya wakubwa, mwaka 1959, miaka iliyofuata, hadi mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hapo ndipo historia ya bwana mmoja inapopaswa kusomwa kwa uangalifu: dhambi ya cheo si dhambi ya kabila.

Upande wa ardhi, jibu la kisheria lilichukua muda. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Sheria ya ardhi ya 2005 ikafungua njia ya upimaji wa nchi nzima, na ndani ya miaka michache zaidi ya viwanja milioni 10 viliandikishwa, majina ya mume na mke yakiwa kwenye hati moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Abakagara walikuwa na kila kitu isipokuwa daftari, na kwa hiyo kila walichokuwa nacho kilitegemea nani amekalia kiti Nyanza na nani ameolewa na nani.

Hukumu yangu juu ya Rwagataraka ni hii. Alikuwa mwanasiasa hodari kuliko mkwewe: alisoma nyakati na kukibadilisha kila kilima kuwa nguvu. Lakini nguvu yote ilitoka juu, kwa shangazi, kwa mkwe, kwa Mbelgiji, na haikuacha mizizi chini. Wale waliofyeka pori la Kinyaga kabla yake hawakuandikwa na mtu, na bado wajukuu wao wanalima mabonde yaleyale.

Msomaji wa Rusizi mwenye babu au bibi aliye hai afanye jambo moja: amwulize kilima chao kilifunguliwa na nani, kikachukuliwa na nani, na kikarudi vipi. Kisha aandike. Habari za machifu zimo vitabuni tayari. Za waliowalimia bado.